Jinsi ya kutembelea vijiji vya kale na monasteri za bonde la Ter, Katalonia, bila gari

Maswali ya Waswahili walioko Barcelona, na ya wageni wanaopita Ulaya kwa likizo, ni yale yale kila msimu. Lazima niwe na gari? Naweza kutoka asubuhi nikarudi jioni? Sijui Kikatalani, nitaelewana nao vipi? Mimi Mwislamu, nitakula nini huko milimani? Mwongozo huu unajibu hayo yote kwa kufuata safari yenyewe, hatua kwa hatua.

Nimechagua bonde moja tu: sehemu ya juu ya mto Ter, katika wilaya ya Ripollès, chini ya milima ya Pirenei. Katalonia ina mabonde mengi mazuri, lakini hapa treni, basi na njia ya miguu vinaungana vizuri, na miji mitatu ya Zama za Kati (Ripoll, Sant Joan de les Abadesses na Camprodon) imepangana kando ya mto mmoja. Unaanzia chini unapanda juu. Ukishika mpangilio huo, mengine yatakuwa mepesi.

Kuhusu kwenda na kurudi siku moja: usifanye hivyo. Treni peke yake inakula kama saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na saa za mchana milango mingi hufungwa. Utabaki na nusu siku ya kukimbizana. Lala huko usiku mmoja kwa uchache. Usiku mbili ndizo zinazofaa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Pasipoti halisi au kadi yako ya ukaazi. Picha kwenye simu haitoshi. Bonde liko karibu na mpaka wa Ufaransa na polisi wanaweza kusimamisha magari barabarani. Kama unatoka Afrika Mashariki kwa viza ya Schengen, kumbuka kwamba maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na bima ya safari inatakiwa iwe na kinga isiyopungua euro 30,000.
- Viatu vilivyokwisha kuzoea miguu yako, vyenye soli inayoshika. Mawe ya vijiji hivi huteleza sana yakilowa.
- Koti la mvua na sweta, hata Julai. Camprodon iko kwenye mwinuko wa karibu mita 950, na jioni huwa na ubaridi wakati Barcelona bado watu wanatokwa jasho.
- Ramani iliyopakuliwa kwenye simu kabla ya kuondoka, maana ndani ya mabonde madogo mtandao hukatika.
- Euro taslimu kidogo kwa ajili ya sehemu ndogo ndogo.
- Chupa ya maji na kitu cha kutafuna. Duka likifungwa mchana, limefungwa kweli.
- Maneno manne ya Kikatalani: bon dia (habari za asubuhi), si us plau (tafadhali), gràcies (asante), adéu (kwaheri). Kihispania wanakielewa wote, lakini ukiingia dukani na "bon dia" utaona uso wa mwenye duka ukifunguka. Kwetu mtu haanzi kuuliza bei kabla ya salamu, na vijiji vya huko viko hivyo hivyo.

Hatua ya 1: Chagua wakati

Mei, Juni, Septemba na Oktoba ndiyo miezi ninayopendekeza. Mashamba ya nyasi huwa ya kijani mwezi Mei, na kuanzia katikati ya Oktoba misitu hubadilika rangi. Julai na Agosti hali ya hewa ni nzuri asubuhi, ila ngurumo za alasiri ni za kawaida milimani, na familia za Barcelona hupanda kwa wingi kukimbia joto, hivyo vyumba vya Camprodon hujaa mapema. Majira ya baridi kuna barafu njiani na watu wa kuteleza kwenye theluji wanaoelekea kituo cha Vallter.

Kwa siku za wiki, epuka kuanza Jumatatu, maana makumbusho mengi hufungwa siku hiyo. Jumapili na sikukuu mabasi hupungua. Kwangu mimi, kufika Jumanne au Jumatano ndiyo bora kuliko zote.

Hatua ya 2: Panda treni iliyo sahihi

Unapanda treni ya mstari wa R3 kutoka Barcelona, kwenye kituo cha Sants au Plaça Catalunya, na unashuka Ripoll. Kosa kubwa la wageni liko hapa: si kila treni ya R3 inafika Ripoll. Nyingine huishia Vic. Soma jina la mwisho wa safari kwenye ubao. Ukiona Ripoll, Ribes de Freser, Puigcerdà au Latour-de-Carol, panda. Ukiona Vic, subiri inayofuata.

Jambo la pili: mstari huu umekuwa na matengenezo marefu, na mara nyingine sehemu ya safari hufanywa kwa basi badala ya treni. Angalia matangazo ya Rodalies (huduma ya treni hizi) jioni ya siku iliyotangulia na asubuhi unapoondoka. Tunza tiketi yako hadi umetoka nje ya kituo cha mwisho, kwa sababu unaweza kuihitaji kwenye mageti.

Hatua ya 3: Ripoll, na namna ya kuusoma mlango

Kutoka kituoni unatembea dakika chache tu kufika monasteri ya Santa Maria. Ilianzishwa miaka ya 880 na Guifré el Pelós, mtawala wa Barcelona ambaye Wakatalani humhesabu kuwa mwanzilishi wa ukoo wao wa kifalme. Kaburi lake limo humo ndani. Waliokaa hapa walikuwa wamonaki wa Mtakatifu Benedikto, shirika lile lile ambalo msomaji wa Tanzania analijua kupitia abasia za Peramiho na Ndanda.

Wageni wengi hupiga picha ya mlango mkuu, wanaingia kanisani, wanatoka, wamemaliza kwa dakika 15. Inaniuma kuona hivyo, kwa sababu wanakikimbia kitu ambacho ndicho sababu ya safari nzima. Ndani ya kanisa ujenzi mwingi ni wa karne ya 19: monasteri ilichomwa moto mwaka 1835, na mbunifu Elies Rogent akaijenga upya hadi ikabarikiwa mwaka 1893. Mlango wenyewe ndio wa kale, wa karne ya 12. Ukuta mzima umechongwa safu juu ya safu, kwa mtindo wa Romaneski, yaani wa makanisa ya Ulaya ya wakati huo, enzi ambayo watu wengi hawakujua kusoma maandishi.

Fanya hivi:

a) Simama mbali kwanza, uone umbo lote. Juu kabisa katikati yuko Kristo kwenye kiti cha enzi, na wazee 24 wa kitabu cha Ufunuo wamemzunguka.

b) Sogea, ufuate pande mbili. Upande mmoja una habari za Kutoka Misri: Musa, mana, maji yanayotoka mwambani. Upande wa pili ni za vitabu vya Wafalme, akina Daudi na Sulemani. Msomaji wa Biblia atazitambua nyingi bila maelezo, na aliyekua na visa vya manabii katika Qurani naye hatakuwa mgeni hapo.

c) Mwisho, tazama ndani ya kingo za mlango, pale mtu anapopita bila kuangalia. Kuna miezi 12 ya mwaka, kila mmoja na kazi yake: kuvuna, kuandaa mapipa ya divai, kuchinja nguruwe, kuota moto. Ni kalenda ya mkulima wa bonde hili. Mimi naipenda kuliko wafalme wote waliochongwa pale juu, kwa kuwa ni sehemu pekee ambapo mtu wa kawaida wa wakati ule amepewa nafasi ukutani.

Usiguse jiwe. Limekuwa likilika kwa muda mrefu, ndiyo maana mlango umefunikwa na baraza na kukingwa kwa vioo.

Kisha ingia kwenye ua wa ndani wenye baraza za nguzo, ghorofa mbili. Hapa ndipo ukumbuke jina la abati (mkuu wa monasteri) Oliba, aliyeiongoza Ripoll kuanzia mwaka 1008, akajenga kanisa kubwa lililowekwa wakfu mwaka 1032, na akaanzisha monasteri ya Montserrat. Maktaba ya Ripoll ilikuwa na sifa Ulaya nzima. Miongoni mwa maandiko yake kuna ya hesabu na elimu ya nyota yaliyotokana na vitabu vya Kiarabu vya Andalusia, pamoja na maelezo ya kutengeneza na kutumia astrolabu, chombo cha kupimia nyota. Elimu ya falaki ilipitia kwenye bonde hili la wachungaji kabla ya kufika miji mingi mikubwa ya Ulaya.

Ukiwa na saa moja zaidi, nenda Makumbusho ya Etnografia, jirani na monasteri. Utaona vifaa vya wachungaji na silaha za moto zilizoipa Ripoll jina katika karne ya 16 na ya 17.

Hatua ya 4: Fuata njia ya reli ya zamani hadi Sant Joan

Mwaka 1880 reli ilifika bonde hili kwa ajili ya makaa ya mawe ya Ogassa. Treni hazipo tena kwenye kipande cha Ripoll hadi Sant Joan, na njia imegeuzwa kuwa ya miguu na baiskeli: Ruta del Ferro i del Carbó, njia ya chuma na makaa. Ni kama kilomita 10, na mwinuko wake ni wa taratibu, kwa sababu treni haziwezi milima mikali. Mtu wa kawaida anatembea saa mbili na nusu hadi tatu. Kwa baiskeli ni chini ya saa moja. Baiskeli za kukodi zipo, ila ulizia siku moja kabla.

Ondoka asubuhi. Sehemu ndefu haina kivuli cha maana, na hutakuta duka njiani. Tembea upande wa kulia, maana waendesha baiskeli wanaoteremka huja kasi.

Kama miguu haikuruhusu, basi la kampuni ya Teisa linatoka Ripoll, linapita Sant Joan na kuendelea Camprodon.

Hatua ya 5: Sant Joan, monasteri ya wanawake

Guifré yule yule alijenga monasteri hii kwa ajili ya binti yake Emma, na kanisa lake la kwanza likawekwa wakfu mwaka 887. Emma alikuwa bado mtoto. Alipokua akawa mama mkuu wa kwanza, na msimamizi wa ardhi kubwa. Mwaka 913 aliwapeleka mbele ya hakimu mamia ya wakazi wa bonde kutoa ushahidi kwamba vijiji vyao viko chini ya monasteri yake. Hati ya kesi hiyo ipo hadi leo, na majina ya wanakijiji yameandikwa humo. Ni nadra kuyapata majina ya wakulima wa kawaida wa karne ya 10, wanawake kwa wanaume.

Masista walifukuzwa mwaka 1017 kwa amri ya Papa, wakituhumiwa kuishi maisha mabaya. Nyuma ya tuhuma hizo alikuwepo Bernat Tallaferro, mtawala wa Besalú, ambaye alikuwa na hamu na mali yao. Binafsi nazisoma tuhuma hizo kwa mashaka makubwa.

Kanisa unaloliona leo lilibarikiwa mwaka 1150. Nenda moja kwa moja mbele, kwenye sanamu za mbao za mwaka 1251 zinazoonyesha Kristo akishushwa msalabani. Ni watu saba, wakubwa karibu kama binadamu, nyuso zao zimejaa uchovu. Kaa kwenye benchi uwatazame.

Halafu zunguka mjini: uwanja wenye baraza za matao, mitaa iliyonyooka iliyopangwa katika Zama za Kati, na daraja la Pont Vell. Daraja hilo liliharibiwa na tetemeko la mwaka 1428, likajengwa upya, likalipuliwa mwaka 1939 mwishoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, na kurejeshwa mwaka 1976.

Wenyeji watakusimulia habari za Comte Arnau, bwana mkubwa anayetangatanga usiku juu ya farasi anayetoa moto. Kosa lake moja ni kwamba hakuwalipa wafanyakazi wake ujira waliokubaliana. Masimulizi hayo yanaonyeshwa katika jumba la zamani la abasia, ng'ambo ya barabara kutoka kanisani.

Lala Sant Joan usiku huo wa kwanza. Ni tulivu na kwa kawaida bei yake ni nafuu kuliko Camprodon.

Hatua ya 6: Basi hadi Camprodon

Piga picha ya ratiba kituoni, maana mabasi ni machache. Camprodon ni mji wa watu wa mapumziko, una maduka ya biskuti na soseji, na daraja la Pont Nou, la Zama za Kati, lililopinda juu ya mto kwa tao moja kubwa. Kanisa la Sant Pere, la mwaka 1169, ndilo lililobaki la monasteri ya hapa. Ni jembamba, halina mapambo, na kwangu ndilo lenye umbo safi kuliko yote ya bonde. Mtunzi wa muziki Isaac Albéniz alizaliwa mji huu mwaka 1860, na kuna makumbusho yake madogo.

Hatua ya 7: Toka mjini, ingia mashambani

Matembezi mawili yanamfaa anayeanza.

La kwanza ni kwenda Llanars, kama kilomita 2 kutoka Camprodon. Huko kuna kanisa la Sant Esteve la karne ya 12. Hata likiwa limefungwa, tazama mapambo ya chuma kwenye mlango.

La pili, kwa mwenye pumzi, ni barabara ya kale ya mawe ya Capsacosta, inayoanzia Sant Pau de Segúries, kati ya Sant Joan na Camprodon. Ni njia ya kale iliyotandikwa mawe, wanayoihesabu kuwa ya Warumi, inayoshuka msituni kuelekea bonde la Bianya. Shuka kadiri unavyoweza kupanda tena, kisha geuka.

Kanuni za njiani:

- Mistari miwili ya rangi nyeupe na nyekundu ni njia ndefu (GR). Nyeupe na manjano ni njia fupi (PR). Ukikuta rangi hizo zimechorwa kama msalaba wa X, umepotea: rudi hadi alama ya mwisho.
- Geti ulilolikuta limefungwa, lifunge nyuma yako. Waya wa umeme wa malisho una mpini wa plastiki: ufungue kwa mpini, upite, uurudishe.
- Ng'ombe mwenye ndama umzunguke kwa mbali. Ukikutana na mbwa wakubwa weupe wanaolinda kondoo, usikimbie wala usirushe jiwe. Simama, ongea kwa sauti ya chini, zunguka kundi polepole.
- Uyoga wa vuli usiuchume kama huujui. Unaoua unafanana sana na unaoliwa.

Hatua ya 8: Beget, kwa mwenye siku ya tatu

Beget ni kijiji cha nyumba za mawe ndani ya korongo, karibu nusu saa kwa gari kutoka Camprodon, barabara ya kona nyingi. Kanisa lake la Sant Cristòfol lina mnara wa kengele wa ghorofa nne, na ndani kuna Majestat: Kristo wa mbao aliyevaa kanzu ndefu, macho wazi, bila dalili ya maumivu. Makanisa mengine yalipoteza sanamu zao kama hii mwaka 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, ila hii ilinusurika.

Usitegemee basi kufika huko. Chukua teksi ya Camprodon, na kabla hujashuka mpatane saa ya kurudi. Kabla ya yote, uliza ofisi ya utalii ya Camprodon kama kanisa litakuwa wazi siku hiyo.

Kuhusu chakula

Chakula cha mchana ni kati ya saa 7 na saa 9 na nusu, cha usiku huanza saa 2 na nusu hivi. Katikati ya hapo jiko limezimwa. Siku za kazi tafuta menú del dia: sahani mbili, kitindamlo, mkate na kinywaji kwa bei moja.

Nguruwe yuko kila mahali, hata pasipomtarajiwa: kwenye kabichi na viazi vya trinxat, kwenye supu, kwenye dengu, hata kwenye keki ya coca de llardons. Uliza "Porta porc?", yaani kuna nguruwe humu? Kilicho salama zaidi ni truita de patates (mayai na viazi), samaki wa mtoni (truita de riu, lakini uliza asiwe amekaangwa na pernil, yaani paja la nguruwe), saladi, jibini na maharagwe meupe yasiyo na soseji. Nyama ya halali usiitarajie mahotelini. Beba ya kwako kutoka Barcelona ukipanga chumba chenye jiko.

Mambo yakienda kombo

Umekuta kanisa limefungwa. Kwanza tazama saa. Kati ya saa 8 na saa 10 mchana ni kawaida, rudi baadaye. Kama ni kanisa dogo la kijijini, soma karatasi mlangoni au uliza kwenye baa iliyo karibu. Mara nyingi ndipo wanapojua ufunguo uko wapi. Wakati wa misa ingia kusali au subiri nje, usipige picha.

Treni imekushusha Vic. Usihamaki. Toka uone uwanja mkubwa wa Plaça Major na mnara wa kengele wa karne ya 11 wa kanisa kuu, kisha panda R3 inayofuata ya Ripoll.

Basi la mwisho limekuacha. Ingia hoteli au baa iliyo wazi, uombe wakupigie teksi. Kati ya Sant Joan na Ripoll unaweza kutembea ile njia ya reli ikiwa zimebaki angalau saa tatu kabla giza halijaingia. Usitembee kando ya barabara ya magari usiku.

Ngurumo imekukuta juu. Shuka kwenye kilima, usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake, kaa mbali na waya wa malisho.

Umeumia au umepotea. Piga 112, ni bure. Taja kijiji cha karibu na rangi ya alama za njia uliyokuwa unaifuata, kisha baki pale pale ulipo hadi wakufikie.